Daftari la Ghaniya

Daftari hukaa kwenye kidroo cha gari,
chini ya chaja na kipakti cha ubani wa kutafuna.
Jalada lina doa la mafuta ya sambusa.
Ghaniya hakuandika bei za vyumba. Kaandika:

"Nizwa, hoteli ya mataa mengi.
Wa mapokezi kanitazama mimi, kamuuliza Thuweiba
kama mtumishi wake atalala chumba kimoja naye."

Thuweiba ni binamu yake, watoto wa ndugu wawili.
Tofauti ni hii: yeye maji ya kunde,
Ghaniya chungu kilichokaa sana jikoni.
Chini yake, kwa wino mwingine:
"Tulicheka mpaka Izki.
Baada ya Izki sikucheka tena."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe hupewa
hata hodi hatujapiga.

Safari hii tu wanne, Ijumaa, mwanzo wa Aprili.
Ghaniya kwenye usukani, mzaliwa wa Sib;
babu yake yuko makaburini Sib, na babu wa babu,
na bado watu humuuliza, "Asili wapi? Asili ya asili?"
Thuweiba na ramani ya simu.
Bi Moza, mamake, aliyezaliwa Wete,
kapakata chupa ya chai kama mjukuu.
Na mimi, muuguzi wa zamu za usiku, mtu wa Pangani,
kadi ya ukaazi mkononi tangu tulipotoka Maskati,
imeshalowa jasho.

Kizuizini Birkat al-Mauz hatukupumua.
Ghaniya kashusha kioo,
ukoo wake mzima kaupanga ncha ya ulimi.
Askari, kijana tu, hakututazama.
Aliinama akatazama magurudumu.
"Yanavuta yote manne?"
"Yote manne."
"Pandeni. Mkishuka msing'ang'anie breki. Tumieni gia."

Kilomita nzima hakuna aliyesema neno.
Kisha Bi Moza, kwa sauti ya mtu aliyeokota pesa:
"Jamani. Kumbe iko siku
mtu huulizwa gari lake tu."

Juu, al-Aqr, mawaridi yameshachumwa nusu,
matanuri yanafuka, hewa ina utamu wenye masizi ndani yake.
Rayya mwenye nyumba ana mikono iliyochanwa na miiba.
Hakusema, "Karibuni, hapa ni kwenu."
Maneno hayo nimeshayasikia
kwa mtu aliyeziba mlango kwa bega.
Rayya alisema, "Chungeni vichwa."

Mlango wa udongo, wa kale, mfupi.
Anainama tajiri, anainama mtalii na kamera yake,
tukainama na sisi, si zaidi ya wengine.
Thuweiba alisahau, akagonga paji la uso.
Rayya akamkanda kwa maji ya waridi
huku akicheka, nasi tukacheka,
na kicheko hicho hatukukiogopa.

Asubuhi jirani alichungulia ukumbini,
katupitishia macho mmoja mmoja, kauliza
nani kati yetu ndiye mpishi.
Rayya hakuinua uso kwenye tanuri la mkate.
"Mimi," alisema.

Kilemba changu cha hariri, cha kulalia,
nilikisahau kwenye kamba usiku.
Nilikikuta kikavu, kimekunjwa,
katikati ya vitambaa vyake.
Nilisimama nacho muda. Sikujua nikiweke wapi.

Garini Ghaniya kanirushia daftari:
"Andika wewe, una mwandiko wa hospitali
lakini una maneno."
Nikaandika: "Al-Aqr. Mlango mfupi.
Mwenye nyumba ndiye apikaye."
Nikakwama hapo, kalamu hewani,
barabara ikishuka kona kwa kona.

"Andika na gia," kasema Bi Moza nyuma,
akijimiminia chai isimwagike.
"Wasije wakaunguza breki
wakija wenzetu."